Sauti Yangu, Mdomo wa Rhoda

Jumatano, 4 Juni. Soweto, Mbeya

Atu amebusu simu sasa hivi. Sio picha yangu. Kambusu Rhoda wa kwenye video, mdomoni kabisa, kioo kakipaka uji. Halafu akasema anti anaimba vizuri. Nikamwambia anayeimba ni mama. Kacheka. Mtoto wa miaka mitatu ananicheka. Nikamuimbia mstari wa kwanza. Akaangalia simu, akaniangalia mimi, akaniziba mdomo na kiganja ili amsikie anti.

Nikaenda kulia kwenye vyombo.

Niandike, nisije nikasahau huko tunakokwenda. Kwaya yetu ya Kihesa ilirekodi sauti kwanza, studio. Wimbo niliongoza mimi. Video ilikuwa ipigwe wiki tatu mbele. Hapo katikati Rhoda, rafiki yangu, tuliyelala kitanda kimoja kwa shangazi yake, akaenda kuwaambia wazee wa kanisa nina mimba. Nilimwambia yeye tu. Wakaniondoa. Sare nikaambiwa niirudishe imefuliwa na kupigwa pasi. Siku ya video Rhoda kasimama mbele, ndani ya sare yangu, anafungua mdomo na kufunga. Sauti ni yangu. Iringa nzima inajua ni yake.

Sasa tunahamia Kigoma. Baba Atu kapata kazi ya kuchomelea. Kaka yake katuazima kirikuu, kigari chake cha mizigo, siku tano tukaage watu. Baba Atu anafikiri naenda kuaga.

Naenda kwa Rhoda.

Ijumaa, 6 Juni. Mafinga

Kirikuu imechemsha. Baba Atu anatafuta maji, mimi naandika juu ya goti. Baridi ya kukata masikio. Atu yuko ndani ya blanketi, pua tu ndio inaonekana.

Kuanzia Igawa naimba. Sauti ipo. Niliogopa uzazi umeichukua, kumbe imeongezeka chini. Tulipopita Makambako Baba Atu akauliza nafanyia mazoezi nini. Nikamwambia. Jumapili nasimama katikati ya ibada, namkatisha Rhoda, nauimba mwenyewe. Akapunguza mwendo. Halafu akauliza, Mama Atu, tunaenda kuaga au kupigana? Nikamwambia vyote viwili. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ni mtu mwema. Alinioa nikiwa na tumbo na begi moja. Lakini yeye hajawahi kuambiwa arudishe nguo imepigwa pasi.

Jumamosi, 7 Juni. Ilula

Mama kanisalimu kamwene, kabla sijaitikia kashamnyang'anya Atu mikononi kwangu. Kapungua. Meza yake iko palepale barabarani, nyanya na vitunguu.

Leo nimejua kitu. Mama anao ule wimbo kwenye simu. Anaupiga akiwa mezani na kuwaambia wateja ni mwanangu huyo anaimba. Wenzake wamempa jina, Mama Studio. Mkubwa wa kejeli ni Mama Sikudhani, meza ya pili. Basi likisimama anawaita abiria wakanunue kwa yule bibi ambaye mwanae anaimba akiwa ndani ya tumbo la mtu mwingine. Mama ananihadithia huku anacheka. Macho hayacheki. Miaka mitatu mama yangu anaitwa muongo kwa ajili yangu, na hajawahi kuniambia.

Basi kusimama hakutoshi. Mwanamke akipiga kelele kanisani ni chizi, watanishika mikono wanitoe. Nimewaza vizuri zaidi. Nimempigia Kaka Nuhu, mpiga kinanda, ndiye anayeweka wimbo kwenye spika Rhoda akifungua mdomo. Kesho ni Pentekoste na wataimba wimbo wangu. Nikamuuliza kama bado ana ile biti tupu, isiyo na sauti. Akasema anayo. Nikamwambia aweke hiyo. Akasema dada Eda utanifukuzisha. Nikamwambia mimi nilifukuzwa na sijafa.

Ataweka.

Nimefurahi. Mungu anisamehe, ila anisamehe keshokutwa, sio kesho.

Jumapili, 8 Juni. Kihesa

Naandika ndani ya gari. Niandike kabla haijapoa.

Tulikaa benchi la tatu. Atu mapajani. Kwaya ikaingia, sare mpya, Rhoda kanenepa kidogo, kapendeza. Biti ikaanza. Akainua maiki, akafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Nimeyaona macho yake. Nimeyanywa yale macho. Akamtafuta Nuhu, Nuhu kainamia kinanda kama anahesabu vidole vyake. Biti ikazunguka tena. Halafu nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Wanakwaya waliosimama nyuma hawakumwangalia Rhoda. Waliniangalia mimi. Wote. Walijua pa kuangalia. Siku ile studio walikuwepo, walinisikia, na miaka yote hii hakuna aliyefumbua mdomo. Mimi nimemchukia mmoja, kumbe ni kwaya nzima.

Rhoda akaanza kulia. Akasukuma sauti yake mwenyewe, ndogo, imepasuka, iko nje ya biti. Nikasubiri kicheko. Nilikuwa nakitaka kile kicheko kuliko chakula.

Mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele. Mwingine akasema Roho ameshuka. Watu wakasimama. Wakalia. Wakamsaidia kiitikio kanisa zima. Mchungaji kavua miwani, kafuta macho, kasema leo tumeiona Pentekoste.

Nimemvua nguo mbele za watu, wenyewe wakamvika joho.

Nje nilikuwa namnawisha Atu bombani, Rhoda akaja. Hakunisalimia. Akasema, "Ni wewe." Nikasema ni mimi. Akasema tangu video kila Jumapili anatamani kukimbia akiiona maiki. Eti hakuomba kusimama pale, waliangalia tu nani sare inamtosha. Nikamuuliza, na kwa wazee wa kanisa alikutuma nani? Akashusha macho.

"Nilikuwa naitaka ile nafasi, Eda. Wewe ulikuwa na sauti na mchumba. Mimi sikuwa na kitu."

Basi. Hakuna pole. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Mbeya, ya kumchoma hadi mfupa. Nikapata moja tu. Nikamwambia anaimba kama mlango wa stoo. Akasema anajua. Akamshika Atu shavu, Atu akamchekea, akamwita anti. Nikambeba mwanangu nikaondoka.

Ilikuwa tamu. Kidogo. Sio kama nilivyofikiri.

Jumatatu, 9 Juni. Ilula

Hasira bado iko. Mama kauliza ilikuwaje, nikamwambia walisema ni Roho. Kacheka mpaka kakaa chini. Mimi hapana.

Sijamsamehe.

Jumanne, 10 Juni. Ilula

Asubuhi. Ukungu. Baba Atu anafunga mizigo, leo tunarudi Mbeya.

Jana mchana nilimsaidia mama kupanga nyanya, ngumu chini, zilizoiva juu. Nikajikuta naimba. Sikupanga. Ni ule wimbo, kuanzia mstari wa kwanza, sauti yote, kama studio. Simu ya mama ilikuwa imezimwa ndani ya kikapu. Mama Sikudhani alikuwa ameshika nyanya, ilibaki mkononi mpaka nikamaliza ubeti. Basi likasimama, abiria wanaita, hakukimbilia. Akabeba kigoda chake, akaja kukaa karibu na mama. Baadaye akamwomba chumvi, akamwita Mama Eda.

Mama hakuinua uso. Aliendelea kupanga, kidevu juu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Nuhu katuma ujumbe. Sauti yangu ameifuta kwenye flashi ya kanisa. Jumapili ijayo Rhoda aimbe na koo lake au anyamaze. Video itabaki huko mitandaoni, sina la kuifanya. Na kusamehe siandiki kwamba nimesamehe, maana nitakuwa nadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Lakini leo nimeamka sikumuwaza yeye kwanza. Nimewaza kama Kigoma kuna baridi.

Kule sina mtu. Nitatafuta kwaya, nianzie mstari wa nyuma, sioni shida. Wakiniuliza jina nitasema Eda. Wakiniuliza naimba sauti gani nitawaambia wanisikilize kwanza. Nitamuomba mtu amkalishe Atu karibu, aone mwenyewe sauti inapotoka, maana kuambiwa hataki. Nina moyo mwepesi kidogo leo, sijui kwa nini, labda ni mama alivyo— ananiita, Atu kapanda juu ya matenga ya nyanya, ngoja nika