Nusu Aunsi, Kisha Nyumbani: Tunamkumbuka Emil Hornyak

Mwaka umezunguka, Emil, tangu Ziwa Erie likurudishe kwetu ukiwa umenyamaza. Watu wa mji wetu wa Marblehead wanajua ulivyokufa. Acha sisi tuseme ulivyoishi, maana hofu imetujaa mpaka tumeanza kusahau kucheka, na wewe ulikuwa mtu wa kucheka.

Ulikuwa fundi bomba. Wajane uliwazibia mabomba yao bila kudai kitu, ingawa kipande cha pai ukipewa hukukataa, na cha pili hukukataa pia. Ijumaa ulikaanga samaki kanisani umevaa aproni yangu ya maua, mimi mkeo. Lakini moyo wako ulikuwa kwa besi, wale samaki wa kahawia wanaokaa kwenye mawe ya chini, na kwenye kile kisanduku chako cha machubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi.

Ulitufundisha sote. Chubwi mwisho wa mshipi, ndoana juu yake kidogo, chambo kielee mbele ya pua ya samaki. Jembamba kwa mawe lisinase, la mviringo kwa mchanga. "Chagua jepesi kuliko yote litakalokufikisha chini," ulisema. "Zito linamshtua samaki na wewe linakufanya kiziwi." Upepo ukizidi, mshipi unapinda, mkono hausikii chubwi likigusa chini tena, basi unapanda uzito: robo aunsi, tatu ya nane, nusu. Hapo kisanduku chako kilikuwa kimekwisha. Wavuvi wenzako walikuwa na makubwa zaidi, wewe hukuyataka. "Nusu isipotosha, ziwa limeshasema. Twende nyumbani."

Kaka yako Rudy, anayevua kwa machubwi mazito mtoni kwenye mkondo mkali, alikutania kila mlipokutana.

"Bwana huyu anaogopa mawimbi kuliko anavyomwogopa mkewe!"

"Mke wangu hajawahi kupindua boti," ulimjibu.

Asubuhi ile ya mwisho ulipita kwake ukamwomba chubwi la robo tatu. Alicheka sana, akakupa. Waliokutafuta walipoikuta boti imejaa maji, fimbo yako ya kuvulia ilikuwa bado kwenye kishikio chake, na chubwi hilo lilikuwa mwisho wa mshipi. Samaki walikuwa wanakula, Emil? Ulijiambia dakika tano tu? Rudy hajacheka sawasawa tangu siku hiyo. Nami nalala na swali moja: ikiwa wewe uliyeweka sheria uliivunja, nani ataishika? Nauliza kwa sababu binti yetu Corinne sasa anaingia ziwani na boti hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita nilimkuta akipanga kisanduku chako. Lile la robo tatu lilikuwa ndani.

"Hilo la nini?"

"La Baba."

"Liache hapa."

"Mama, usianze."

"Naanza! Nimezika mmoja, sina nguvu ya kuzika wawili!"

Alinibusu kwenye paji la uso, akaenda nalo.

Kabla ya saa sita mchana bendera ya jirani ikakakamaa kwa upepo. Boti za wengine zilibaki huko nje zikirukaruka. Nilisimama gatini nimevaa koti lako. Rudy alikuja akasimama kando yangu. Niliogopa kutazama, nikaogopa kutotazama.

Boti ya kwanza kurudi ilikuwa yako. Corinne alikuwa amelowa chapachapa, midomo imepauka. Mungu anisamehe, niliishika fimbo kabla sijamshika mtoto. Mwisho wa mshipi palikuwa na chubwi la nusu.

"Nilikuwa nawapata, Mama," alisema, meno yakigongana. "Wakubwa kweli. Halafu nikaacha kusikia chini. Nikalitoa la Baba. Nililishika hivi, nikataka kulifunga, kweli tena, nilitaka. Ndipo nikamwelewa Baba, alivyoshindwa kuacha. Nikawasha injini."

Rudy alikaa chini palepale gatini, akalia kwa sauti.

Nilitaka kulitupa majini lile la robo tatu. Corinne ameniomba alibebe siku zote. Anasema mkono wake ukilifuata tu, atajua saa ya kurudi imefika. Nimekubali, Emil, ila usidhani nimeacha kuogopa. Nyumba nzima tunaogopa. Tangazo hili likitoka atakuwa ziwani tena, kwenye mawe yako, nami nitakuwa dirishani nikiitazama bendera ya jirani.

Unakumbukwa na mkeo Loretta, bintiyo Corinne, kaka yako Rudy na mkewe Ilona, na wajane wote ambao mabomba yao hayavuji.

Hatujakusahau wala hatutakusahau. Na upepo ukigeuka, Emil, mwambie Corinne arudi.