Mchekeshaji Aliyetembea kama Baba

Manchesta, Uingereza
Jumapili jioni

Kwa dada yangu Mwanaidi,
Kang'ata, Handeni.

Assalaam alaykum, dada. Shikamoo. Na mama naye mpe shikamoo yangu kwa kumpigia goti, siyo kwa kumpazia sauti kutoka jikoni kama kawaida yako. Mimi mdogo wako Omari ni mzima wa mwili. Kifua kilinibana kidogo baridi ilipoingia, sasa kimeachia. Nyinyi ndio mnaonipa mawazo. Mama anakula? Usiniandikie kwamba anakula kama hali. Na ile nyumba yenu ya kijiji kipya cha ujamaa mmeshaiezeka, au bado mnangoja nyasi? Mvua je? Hapa kwetu inanyesha kila siku na haioteshi kitu, nikiitazama dirishani natamani ningewaletea.

Barua hii isome kwanza peke yako. Halafu utaamua mwenyewe lipi la kumsomea mama.

Ile barua yako ya msiba ilinifikia baba ameshatimiza arobaini. Niliisomea kazini, chooni, nimefunga mlango. Nilipotoka, mwenzangu mmoja aliona bahasha yenye stempu ya Tanzania akaniuliza, "Habari njema kutoka nyumbani?" Nikamjibu, "Ndiyo, njema." Sijui kwa nini nilisema hivyo, dada. Nadhani niliogopa angesema pole halafu aangalie saa yake. Jioni nilimsomea baba Yasini kitandani, peke yangu, kwa sauti ya chini kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi kelele. Kulia sikulia. Nilijaribu, machozi hayakuja. Nikaenda kazini kesho yake, na kesho kutwa, na siku zikapita hivyo, hakuna mtu hata mmoja katika mji huu mzima aliyejua kwamba mimi ni mfiwa.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ya namna gani. Unajua nililetwa kujifunza mambo ya sauti ili nikirudi nitumike redioni kwetu. Sasa wameniweka kwenye televisheni. Ni sanduku kama ile redio ya dukani pale Handeni, ila hili lina kioo, na anayesema unamwona. Kazi yangu ni kupanga vipaza sauti mezani na kuvuta nyaya zake, katika kipindi cha chemsha bongo ya kuchekesha. Wachekeshaji wanne wanakaa kwenye meza ndefu, wawili upande huu na wawili upande ule, katikati yupo muuliza maswali. Yeye anauliza, nao badala ya kujibu wanageuziana maneno. Mmoja atamwambia mwenzake una kichwa kama kiazi kilichosahaulika shambani, naye atarudishiwa kubwa zaidi, na watu waliokaa mbele wanacheka mpaka wanashikana mabega. Hawa ni watu wazima, dada, wengine wana wajukuu, na hiyo ndiyo kazi yao.

Siku ya kwanza moyo ulinidunda. Nikasema, kumbe hata Wazungu wana watani! Nikajiona kama niko nyumbani. Lakini kipindi kilipokwisha kila mmoja alivaa koti lake akaondoka, hata hawakuagana. Nikabaki mimi na nyaya.

Kati yao yupo mmoja anaitwa Bwana Hubert. Ni mzee mnene, mashavu mekundu, tumbo kubwa na miguu myembamba kama ya korongo, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Yeye peke yake ndiye anayeniita kwa jina, ingawa jina langu kinywani mwake linakuwa kama anapiga miayo, "Omaaari."

Sasa sikia yaliyotokea.

Siku moja mchana tulikuwa kwenye mazoezi kabla ya watazamaji kuja, na mchekeshaji mmoja amechelewa kwa sababu ya ukungu njiani. Mkuu wa kipindi ni kijana mwenye haraka, miwani yake hukaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni. Akanionyeshea kidole, "Wewe wa vipaza sauti, kaa pale, taa zipate uso wa kumulika." Nikakaa kwenye kiti cha mchekeshaji. Taa zile ni kali kama jua la saa nane shambani.

Mwisho wa kipindi chao wana mchezo mmoja. Kila mtu anapewa kadi yenye neno, anasimulia kisa juu ya neno hilo, na wenzake wanakata shauri kama ni kweli au uongo. Mimi nilidhani wataniruka. Muuliza maswali akanisukumia kadi huku anacheka, "Haya, na wewe." Nikaigeuza. Imeandikwa, "Baba."

Dada, ningeweza kusema lolote. Lakini kilichokuwa kichwani mwangu ni barua yako tu, basi nikasema hicho. Nikawaambia kwa Kiingereza changu hiki kwamba baba yangu alipokufa, wakati kaburi liko tayari, mtani wetu Mzee Masanja, Mnyamwezi mkata mkonge wa Korogwe, aliruka ndani akajilaza chali. Akasema, "Nyumba hii imenipendeza. Mzigua huyu atafute nyingine, ardhi wanayo nyingi." Sheikh anamsihi, shemeji yangu anamsihi, hatoki, mpaka akaahidiwa kofia ya marehemu. Na baada ya maziko akaivaa ile kofia, akaingia uani walipokaa wanawake, mkono mmoja mgongoni, anaburuta mguu wa kushoto vilevile kama baba, akasimama akauliza kwa sauti ya baba yenyewe, "Nani kaacha jembe juani?" Na mama, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, akacheka ndani ya khanga yake.

Wachekeshaji walikuwa wanacheka tangu kisa kilipokuwa kaburini. Mwanamke mmoja kati yao akagonga meza, "Uongo! Uongo mtupu!" Na mwingine naye, "Uongo, lakini mtamu." Bwana Hubert hakucheka. Aliniangalia, akauliza, "Ilikuwa lini hiyo, Omari?"

Nikasema, "Juzi juzi tu. Barua imefika majuzi."

Nilisikia taa zinavyonguruma juu yangu. Yule mwanamke aliweka mkono mdomoni. Muuliza maswali akasema, "Pole sana, kijana," na kweli akaangalia saa yake.

Lakini mkuu wa kipindi alikuja mbio anapiga makofi. "Hiyo nzuri sana! Kesho watazamaji wakiwepo utakaa hapohapo usimulie vilevile. Tutakuvalisha mavazi ya kwenu."

Sitakuficha, nilitaka. Nililala nikiwaza kwamba nchi nzima itaniona. Mama mwenye nyumba ataniona, na wale wa kwenye basi ambao huacha kiti kitupu kando yangu hata kama wamesimama. Watajua kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Mhando kule Kang'ata, alilima mahindi na mbaazi, na alichukia jembe kuachwa juani. Kesho yake nikaingia chumba cha mavazi. Kwenye kiango wameniwekea ngozi ya chui ya kitambaa na manyoya ya kuvaa kichwani. Baba yetu, dada! Baba aliyekuwa akienda mnadani na shati limepigwa pasi.

Nikarudi kwa mkuu nikamwambia, "Samahani, sitasimulia."

"Kwa nini? Ni mzaha tu."

"Najua ni mzaha. Lakini Mzee Masanja alifanya mzaha akiwa na udongo mikononi. Ndiye aliyechimba kaburi. Hawa wa kwenu watacheka halafu watakwenda kupanda basi."

Hakunielewa. Akaanza kusema juu ya bahati ambayo vijana wengine wangeililia, na kwamba ripoti yangu ya mafunzo ni yeye atakayeiandika. Wachekeshaji walikuwa wamesimama pale na vikombe vya chai, kila mmoja anaangalia chai yake. Bwana Hubert ndiye aliyesema, taratibu tu, "Mwache. Mzaha huo si wetu."

Tangu siku hiyo nimehamishiwa stoo ya nyaya. Ni chumba kisicho na dirisha, nyuma ya studio. Nakunja nyaya, nazipanga, naletewa nyingine zimesokotana naanza upya. Watu wakicheka kule ndani ninawasikia kupitia ukutani, ila maneno siyasikii, ni kicheko tu kinachokuja na kukatika. Kuna siku narudi nyumbani nikijua kwamba tangu asubuhi sijazungumza na mtu. Basi nafika chumbani naongea Kizigua na birika. Usimwambie mama hili la birika.

Nilidhani yameishia hapo. Leo mchana mlango wa chini ukagongwa. Nikamsikia mama mwenye nyumba akipiga ukelele mdogo, halafu anakimbia kuvua aproni, kwa sababu aliyesimama mlangoni ni mtu anayemwona kwenye televisheni yake kila wiki. Bwana Hubert akapanda ngazi anahema, mkononi ana samaki na chipsi zimefungwa kwenye gazeti. Akakaa kitandani, kiti changu kisingemweza.

"Sikuja kukuchekesha," akasema. "Nimekuja kuuliza. Yule mzee wa mkonge yuko mbali. Hapa nani amekufanyia kazi yake?"

Nikamwambia, "Hakuna."

Akala samaki wake, akafuta vidole kwa gazeti, akasimama. "Baba yako alitembeaje?"

Nikamweleza. Akaweka mkono mgongoni akaanza kutembea kutoka dirishani kwenda mlangoni. Nikasema hapana, mguu ni wa kushoto. Akabadilisha. Nikasema kichwa kiko juu mno, baba alikuwa anaangalia chini kama anatafuta kitu alichodondosha. Akainamisha. Nikasema bega. Akashusha bega. Na dada, sijui nikuelezeje. Mzungu mnene, mashavu mekundu, na ghafla ni baba anayetoka shamba! Akaniuliza yale maneno ya jembe ni yapi kwa Kiswahili, nikamfundisha, akayatamka ovyo kabisa, "Nani kacha jembi jwani?" Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nilicheka mbavu zikauma, na kicheko kikageuka humohumo kinywani, nikalia. Nililia kwa sauti, dada, sikujali nyumba ya nani. Yeye hakunishika, hakuniambia nyamaza. Aliendelea kutembea mwendo wa baba, mlangoni, dirishani, mlangoni, mpaka nilipomaliza.

Ndipo akakaa akaniambia kwamba baba yake aliangukiwa na mwamba mgodini siku ambayo yeye alikuwa jukwaani mji mwingine. Wakubwa wake walikuwa na habari lakini walimwacha achekeshe watu hadi mwisho, wakamwambia wakati anavaa koti aondoke. "Watu walinipigia makofi sana siku hiyo," akasema.

Baadaye akataka kujua mtani hulipwa nini. Nikasema, hupewa kitu cha marehemu. Na mimi cha baba nilichokuwa nacho ni ule mkanda wa ngozi aliouvua kiunoni pale stesheni ya Korogwe, treni inakaribia kuondoka, kwa sababu aliona suruali yangu inapwaya. Nilimpa Bwana Hubert huo mkanda. Najua ulitaka ukae kwa watoto wako, wajue ni wa babu yao, na ukinikasirikia una haki. Lakini kazi ameifanya, na mtani hawezi kuondoka mikono mitupu. Haukumtosha hata nusu ya tumbo. Akauvaa begani kama askari, akaniambia kipindi chao kimefungwa hadi majira mengine, kesho anakwenda mji mwingine kufanya kazi kwenye ukumbi, na hajui kama tutaonana. Akaniaga kwa mikono miwili, nilivyomfundisha.

Kwenye ngazi mama mwenye nyumba akaniuliza, "Kulikuwa na sherehe?" Nikamwambia, "Hapana mama, tulikuwa na msiba." Naye akaniletea chai, ndiyo mara ya kwanza tangu nihamie.

Mimi nitarudi mafunzo yakiisha, na ripoti nzuri au mbaya. Wakubwa wa redioni wakiniuliza nitawaambia nilichokataa.

Mama mwambie mwanawe amezika. Shemeji, mumeo, mpe mkono wangu, namshukuru kwa kusimama mahali pangu kaburini. Bibi mzaa baba mshikie mikono yote miwili, usimsomee barua, mwambie tu nakula vizuri. Mjomba wa Korogwe pamoja na mkewe wasalimie, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyewachangia mahindi. Mzee Masanja mwambie amepata mwenzake huku, ila huyu hajui kuchimba.

Sasa giza limeingia na birika limepoa. Bwana Hubert alipotoka nilikwenda dirishani. Barabara ilikuwa tupu kwa mvua. Alitembea hatua chache kwa mwendo wake, halafu, akidhani hakuna anayemwona, akaweka mkono mgongoni, akashusha bega, akaanza kuburuta mguu wa kushoto. Nikasimama pale nimeshika pazia mpaka baba alipokata kona.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali nanyi kwa macho tu,
Omari Mhando