Jiwe Ulilonitumia Ndani ya Korosho

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea hivyo, lakini leo moyo wangu hautaki. Mimi hapa Maskati ni mzima, ila nimekonda kwa hasira. Mama anaendeleaje na miguu yake? Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei, na sababu unaijua.

Uliniambia unanitumia korosho. Mwajiri wangu ndiye aliyefungua mzigo, jikoni, mbele yangu. Chini ya korosho kukatokea jiwe jeusi, zito, limefungwa kwenye mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho! Akaniuliza, "Hiki nini?" Nikababaika kama mwizi. Kumbe ni kile kimondo mama alichokiona kikianguka shambani kwetu Nanyamba, akakutuma ukamwambie mtendaji wa kijiji. Hukwenda.

Halafu unaniandikia, "Kuna mtu atakuja kulichukua, mpe tu. Kilichodondoka chini ya mikorosho yetu ni chetu." Hivi una akili timamu? Hiyo ni desturi ya korosho, iliwekwa ili majirani wasigombane wakati wa kuokota. Kimondo kinaripotiwa, kinaandikwa kilipoangukia, wataalamu wanakichunguza, na hakitoki nchini bila kibali. Na karatasi uliyoiweka ndani ya mzigo inasema kiliokotwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ukaweka na sahihi! Mama aliyekiona kwa macho yake umemfuta. Na hiyo salfa uliyokigaragazia, atakayekipima atajuaje salfa ipi ni ya jiwe lenyewe na ipi ni ya dawa ya mikorosho?

Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba ulitafuta mtu wa kukamatwa badala yako, ukanichagua mimi. Mimi ambaye nikifukuzwa hapa, dawa za presha za mama zinakatika.

Huyo mtu wako alikuja juzi. Sikumfungulia. Jana mwajiri wangu akanipeleka ubalozini kwetu, nikakabidhi jiwe, mfuko na karatasi. Wakaniuliza nani kalituma. Nikataja jina lako, la baba, na kijiji.

Msalimie mama, mwambie nimeomba jiwe lake lirudishwe. Wifi yangu, mkeo, mpe pole kwa yanayokuja. Wanao nawabusu wote. Mtendaji akibisha hodi, usimsukume mama mbele. Toka wewe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuhura