Saa Kumi na Nne za Giza

Jumanne, 8 Oktoba 2024
Saa kumi na moja jioni, chungu cha ua ndani. Saa moja asubuhi, ua barazani. Siku ya nane bila kukosa. Kaka Elia, kitindamimba wetu, alimnunulia Mama ua hili Krismasi iliyopita, lenye majani mekundu ya kupendeza. Sasa ni kijani tupu. Hapa Njombe maua haya yaliyopandwa nje huwa mekundu mwezi wa sita, wakati wa usiku mrefu. Mimi nalitaka jekundu Desemba. Nimesoma kwenye simu: giza la saa kumi na nne kila siku, majuma manane au zaidi. Kaka kanicheka kwenye simu, eti nitaishia kulifanya kuni za maharage. Tutaona. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, siwezi kushindwa na ua.

Ijumaa, 18 Oktoba
Sebuleni hapafai. Taa, televisheni. Chumbani kwangu taa ya jirani inamulika mpaka ukutani. Nimelihamishia kwa Mama, chumba cha nyuma. Mama hulala mapema kama kuku, hana haja ya taa. Shida ni alfajiri. Mwanga unapenya dirishani na kwenye matundu ya hewa juu yake. Nimepanda stuli, nimeyaziba yote kwa matambara na karatasi za mifuko ya saruji. Dirisha nimelipigilia blanketi. Ukifunga mlango huoni hata kiganja chako. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua imewahi. Baridi. Mama ana miaka themanini na mbili, mifupa haimpi nafasi. Nimeanza kumwingizia jiko la mkaa jioni, kama alivyokuwa akituingizia sisi kule Bulongwa tukiwa wadogo. Nangoja mkaa ukolee, moshi uishe kabisa, ndipo naingiza. Moshi ndio wenye madhara, nani asiyejua. Kisha nayafukia makaa kwa majivu, mwanga wake usije ukalisumbua ua.

Jumapili, 10 Novemba
Kaka kaja kutoka Makambako baada ya ibada. Kachelewa, jiko lilishaingia. Kaenda kumsalimia Mama, katoka anajipepea. "Dada, mnapikwa humu?" Nimemwambia kila mtu na nyumba yake. Ananiudhi.

Mama analalamika kichwa. Kila asubuhi. Ikifika saa nne kimepoa. Nimempeleka zahanati: presha iko sawa, malaria hana.

Jumamosi, 16 Novemba
Wekundu! Jani la juu kabisa, kwenye ncha. Nimelibeba mbio kumwonyesha Mama. Hata hakulitazama vizuri. "Mwanangu, chumba hiki kinanikalia kifuani." Nikamjibu ni uzee huo, Mama. Nimejibu vibaya, najua.

Paka haingii tena mle. Zamani alilala miguuni pake.

Alhamisi, 21 Novemba
Jana jioni nilisali na Mama chumbani kwake, nikasinzia kitini. Nimeamka kichwa kinagonga. Nikatoka nje, kikapoa. Nikarudi, kikaanza upya.

Nilipanda stuli. Nikashika tambara la kwanza nilitoe. Nikahesabu: wiki moja tu imebaki, na majani mekundu sasa ni matatu. Nina hofu na sijui naogopa nini. Tambara sikulitoa.

Jumatano, 27 Novemba
Mama hakuamka.

Alikuwa anapumua, kwa mbali. Tukafika hospitali kwa bajaji. Saa sita mchana akakata roho. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri, kama wa mtu aliyetoka kuota jua.

Daktari kauliza maswali mawili. Alilala na jiko? Ndiyo. Hewa ilikuwa inapita wapi? Nikasema dirishani. Nimemdanganya daktari, na Mama amelala pale. Akaniambia mkaa una sumu isiyoonekana wala kunuka, hata moshi ukiisha. Majivu huizidisha. Nyumba yetu ya Bulongwa ilikuwa ya nyasi, ilipitisha hewa kila upande. Hii ya hapa kijijini Yakobi nimeiziba mimi, kwa mikono yangu.

Kabla watu hawajafika msibani, nimetoa matambara yote na blanketi. Kaka alipoingia nikamwambia ni moyo.

Jumapili, 8 Desemba
Tumerudi kutoka Bulongwa. Tumemlaza karibu na Baba. Mvua ilinyesha kaburini lakini watu walikuwa wengi.

Ua limekolea. Majani kumi na moja, mekundu. Kila mgeni analisifu. Wanasema Mama alikuwa mtu mzima, Mungu kampumzisha. Nimeitikia amina mpaka sauti imekauka.

Leo asubuhi kaka kaomba alichukue. Mkewe amejifungua wiki iliyopita, anataka kuliweka chumbani kwao. "Nieleze tu ulivyofanya, dada, mwakani nami nifanye vilevile." Nikaona akilini kile chumba chao kidogo. Baridi ya Makambako. Mtoto wa wiki moja.

Nimemkalisha. Nimemwambia yote: matundu, blanketi, jiko, majivu, na lile tambara nililolishika nikaliacha. Nimemwambia na uongo niliomwambia daktari.

Kanywa chai yake mpaka ikaisha. Kachukua koti, kaenda kupanda gari la Makambako. Hakuniaga. Ua ameliacha mezani.