Nimemuaga Mwende

Kariobangi, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kupaka bado ipo? Mimi niko, ila mgongo unauma na nimechoka, sitaki kukudanganya. Naandika kwa sababu kwa simu ningelia, na wewe huwa hujui kulia polepole.

Unamkumbuka Mwende niliyekuwa nikikusimulia, binti wa yule mama Mkamba anayeuza mboga sokoni. Ana umri kama wangu, lakini tangu azaliwe mwili haumtii na hawezi kusema. Ndiye niliyekuwa nikimwogesha, nikimlisha uji kijiko kwa kijiko, nikimgeuza asipate vidonda. Nikiimba vibaya alikuwa akicheka mpaka mate yanamtoka, nami nasahau mgongo. Lakini mwenye nyumba wangu hapokei kicheko. Na mamake alikuwa akinilipa kutoka kwa sukumawiki zile zile. Ningemwambia aongeze nini?

Basi nilipoitwa machinjioni Kiamaiko kuosha matumbo ya mbuzi, kwa malipo karibu mara mbili, nikakumbuka ulivyoniambia nitafute kazi ya maana. Nikakumbuka pia karo ya ndugu yangu Wekesa. Nikamwambia mamake Mwende. Hakukasirika. Aliendelea kukatakata mboga, akasema, "Wee nenda tu, Nafula. Hata mimi ningeenda. Lakini usiniage mimi, muage mwenyewe."

Mwende akikubali jambo hutazama juu. Akikataa hufumba macho. Nikapiga magoti nikamuuliza, "Mwende, niende?" Mama, moyoni nilikuwa naomba afumbe. Alinitazama kwanza, akanitazama sana, kisha akainua macho juu. Nikalia. Naye akaanza kucheka, akidhani naimba.

Sasa nanuka matumbo hata nikitoka kuoga. Wamepata msichana mwingine. Nilimwonyesha jinsi ya kumshika kichwa wakati wa kumlisha, lakini nusu ya uji bado inaishia shingoni. Atazoea. Ya Wekesa nitatuma mwisho wa mwezi.

Nisalimie Baba, shangazi, na jirani yetu anayekusomea barua zangu. Najua utawaambia kanisani kwamba Nafula amepata kazi nzuri. Tafadhali Mama, usiseme hivyo. Sema nimepata inayolipa. Nzuri ndiyo niliyoiacha.

Ni mimi binti yako,
Nafula