Fahali wa Usangu na Neno Nililokunyima

Baba mkwe,

Usishtuke. Ni mimi, mke wa mwanao Gwakisa, ambaye hukuwahi kumwona uso. Ukikohoa njiani nilikuwa nimeshazama migombani. Ndiyo desturi yetu, mkaza mwana hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa lugha yetu mkono ungeona haya, lakini hiki nilichokipata shuleni kwa wamisionari hakijui kwamba wewe ni mkwe wangu.

Nianze na ng'ombe, maana najua ndio utakaowaulizia kabla ya watu. Ndama wa Madoa sasa ni fahali. Ana mgongo mrefu wa baba yake na kwato ngumu za mama yake, na tope la bondeni halimsumbui. Watu wanatoka Ndandalo mpaka Busale kuja kumtazama. Wanamsifu yeye, kisha wanakusifu wewe, nami nageuza uso kama mtu aliyeingiwa na moshi.

Unakumbuka ulivyohangaika kuchagua? Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imetuachia ng'ombe wachache, na yule mnunuzi wa nyama wa boma la Wajerumani alipowaona maksai wetu alicheka, akauliza kama ni mbuzi. Uliumia sana. Ukaapa kwamba wajukuu wako watafuga ng'ombe wenye nyama. Madume yalikuwa mawili: yule mfupi wa Busale, mnene, mgongo mpana, na yule mrefu aliyeletwa kutoka Usangu, mifupa mikubwa, kichwa kama jiwe la kusagia. Gwakisa alinisimulia yote. Ulimpapasa yule wa Usangu mabega, ukamtazama miguu ya nyuma, ukamtembeza kwenye tope uone kama atakwama. Ulimchunguza kila mahali, Baba. Ila nyonga za Madoa hukuziulizia.

Mimi nilizijua. Madoa alilala nyumbani kwangu, upande wa chini, nami ndiye niliyezoa samadi yake kila asubuhi. Uzao wake wa kwanza, wa mimba ya dume dogo tu, nusura umuue. Nilimtuma Gwakisa akwambie. Akacheka, akasema mambo ya madume ni ya wanaume.

Basi nikajaribu njia yetu. Unaijua. Ulikuwa ukija kuwaona ng'ombe wako unasimama nje ya uzio na kumwambia Madoa, "Madoa, mwambie anayekutunza kwamba umenenepa, ndaga fijo, asante sana." Nami ndani nilikiambia chungu, "Chungu, hajambo mzee?" Tukacheka kila mtu upande wake. Siku ile nilikiambia chungu kwamba nyonga za Madoa ni nyembamba na dume la Usangu ni kubwa. Lakini nilisema kwa sauti ya mkaza mwana, ile ndogo. Nilifundishwa kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mpaka leo sijui kama ulisikia.

Siku ya Madoa kuzaa, Gwakisa alikuwa ameshachukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani, na mama mkwe alikuwa amepanda mtumbwi kwenda Ikombe kubadilisha mpunga kwa vyungu. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika tangu asubuhi. Kwato mbili zilitokeza, kubwa mno, kisha hazikusogea. Nikapiga yowe. Uliyekuja ni wewe.

Ukasimama chini ya matone ya paa, nje kabisa, mgongo wako ukielekea mlangoni. Nyumba ilikuwa yangu, nami nilikuwamo, kwa hiyo usingeweza kuingia. Na mimi singeweza kutoka, maana mikono yangu ilikuwa ndani ya Madoa. Ukaanza kumwambia ng'ombe. "Madoa, mwambie apake siagi mpaka kiwikoni. Mwambie afunge kamba ya mgomba juu ya kifundo. Asivute miguu yote pamoja, avute mmoja, kisha mwingine. Wewe ukisukuma, yeye avute kuelekea chini. Ukipumzika, naye apumzike." Nilifuata kila neno. Nilisikia mvua ikikupiga, na meno yako yakigongana katikati ya maneno. Jua lilikuwa linashuka ndama alipotoka. Ulimsikia akilia, ukasema, "Asante, Madoa." Ukaondoka bila kugeuka.

Madoa hakuamka tena. Na wewe, homa ikakushika kifuani usiku uleule, ukamfuata kabla mama mkwe hajarudi na vyungu vyake.

Watu wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni Mungu. Mimi nasema ni mvua. Ulikuwa hatua moja kutoka kwenye moto wangu. Mwalimu wa misheni alishatuambia zamani kwamba kumkaribisha mkwe si dhambi. Nami nilibatizwa, nilikuwa na ruhusa. Neno lilinijia kinywani zaidi ya mara moja, nikalimeza, nikaendelea kuvuta. Labda ungekimbia kwa aibu. Labda ungebaki palepale mvuani. Lakini ningekuwa nimelisema! Hilo ndilo linaloniuma, Baba, kuliko hata Madoa.

Gwakisa alirudi salama. Nilipomweleza habari za nyonga hakucheka tena, aliinamisha kichwa. Sasa fahali ni wa nyumba nzima, na sharti ni langu: anayeleta mtamba mwembamba wa nyonga anarudi naye, akamtafutie dume dogo kwanza. Wanaume wananung'unika, lakini wanarudi nao.

Mwanangu naye amekua, na karibu ataoa. Nakuahidi kwamba nitamfundisha mkewe heshima yote niliyofundishwa, migomba na kukohoa na kuzungumza na vyungu, maana ilikuwa na utamu wake. Kisha nitamfundisha na neno moja la ziada, alitumie siku ya mvua.

Nimekuja kuisoma barua hii hapa kaburini kwako. Sikujificha. Wingu limetanda juu ya ziwa na matone yameanza kuanguka, nami nalisema lile neno kwa sauti, kwa lugha yetu na kwa hii pia, hata wapita njia wasikie.

Ingia ndani, Baba. Umelowa.

Mkaza mwana wako