Kuku Anayeatamia Chini ya Kitanda cha Shangazi

Jumapili, Misunkumilo

Kideri, eti. Mimi ninayechanja kuku wa mtaa mzima, leo nafundishwa kideri na shangazi aliyeshuka jana kutoka Usevya.

Kuku wangu mwekundu anaatamia mayai kumi na moja chini ya kitanda alichopewa shangazi. Bado siku mbili tu yaanguliwe. Kuku anayeatamia si ndivyo alivyo? Anavimbisha manyoya, hali, ukimsogelea anakudonoa. Shangazi akamwambia mama, "Wifi, huyu anaumwa kideri. Tumchinje kabla hajafa mwenyewe."

Nimerudi na ndoo ya maji nakuta kuku kashikwa miguu, kisu kinanolewa.

"Shangazi, huyo haumwi, anaatamia. Anayeumwa ni wewe, unaumwa supu."

Mama akanikata jicho, akanivuta jikoni. "Huyo ni dada wa baba yako. Nikimnyima kuku, huko Usevya atasemaje?"

Kumbe hata mama alijua kuku ni mzima.

Basi nikamkamata jogoo wangu, yule anayewika kuliko majogoo wote huku, nikamtoa yeye. Kuku nikamrudisha haraka. Mayai yalikuwa bado na joto, nimeyagusa yote.

Shangazi kala firigisi na mapaja yote mawili. Akanisifu nimelelewa vizuri, akanisogezea shingo.

Nikamuuliza anarudi lini kwake. Kasema anasubiri vifaranga vianguliwe, aondoke na viwili.